Jinsi kompyuta inavyoiga kasoro za vikuza sauti vya kale vya gitaa

KWA muda mrefu, mpiga gitaa la umeme aliyetamani sauti iliyovuma katika rekodi mashuhuri za Marekani na Uingereza hakuwa na njia ya mkato. Ilimlazimu kukitafuta kikuza sauti chenyewe, yaani amplifaya ya valvu, akinunue kwa fedha nyingi, akibebe kwa jasho na kukifungulia sauti hadi majirani walalamike.

Siku hizi kifaa kinachotoshea mkobani, au programu iliyowekwa katika kompyuta ya kawaida, kinaweza kutoa sauti ambayo hata masikio yaliyozoea studio hutatizika kuitofautisha na ile ya mtambo wa kale.

Ufundi huu huitwa uigaji wa kidijitali. Wengi hudhani kwamba ni kazi ya kurekodi sauti ya mtambo wa zamani na kuihifadhi ili ichezwe baadaye. La hasha. Kinachoigwa si sauti, bali ni tabia: namna mtambo unavyoitikia mkono wa mwanamuziki anapopiga uzi kwa upole au kwa nguvu.

Ajabu ni kwamba sehemu iliyowatoa jasho wahandisi si ubora wa mitambo hiyo, bali ni kasoro zake.

KASORO ILIYOPENDWA

Gitaa la umeme halina sauti kubwa lenyewe. Nyuzi zake za chuma hutetemeka juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, na mtetemo huo huzalisha mkondo dhaifu wa umeme. Kikuza sauti huupokea mkondo huo, kikauongezea nguvu na kuusukuma hadi kwenye spika.

Katika mitambo ya kale, kazi hiyo hufanywa na valvu, ambazo ni chupa ndogo za kioo zilizoondolewa hewa. Ndani ya kila chupa mna kipande cha chuma kinachopashwa moto hadi kikarusha elektroni, pamoja na wavu mwembamba unaozuia au kuruhusu elektroni hizo kupita. Mkondo mdogo wa gitaa unapoingia kwenye wavu, huongoza mkondo mkubwa zaidi.

Leo Fender, fundi wa redio wa mjini Fullerton, California, alianza kuunda vikuza sauti katika miaka ya 1940. Nia yake ilikuwa sauti safi. Mkwaruzo uliosikika mtambo ulipozidiwa nguvu ulihesabiwa kuwa dosari ya kuepukwa.

Wanamuziki nao walikuwa na maoni tofauti. Mnamo 1951 mjini Memphis, wimbo “Rocket 88” ulirekodiwa kwa kikuza sauti ambacho, kwa mujibu wa simulizi za waliohusika, kilikuwa kimeharibika njiani na spika yake ikazibwa kwa karatasi. Mkwaruzo wake ulipendwa. Mwaka wa 1964 jijini London, Dave Davies wa kundi la The Kinks alikata kwa makusudi spika ya kikuza sauti chake kidogo ili apate sauti kama hiyo.

Tangu hapo, dosari ikawa lugha ya muziki wa roki na bluzi. Mtambo haukuwa tena chombo cha kupaza sauti tu, bali ulikuwa nusu ya pili ya gitaa.

MCHORO MMOJA, SAUTI MBILI

Hakuna mfano unaodhihirisha ugumu wa kuigiza mitambo hii kama kisa cha Jim Marshall, mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma aliyekuwa na duka la ala za muziki katika eneo la Hanwell, magharibi mwa London.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wateja wake walitaka vikuza sauti vya Marekani, ambavyo vilikuwa ghali mno nchini Uingereza. Marshall na mafundi wake, akiwemo Ken Bran, walichukua mchoro wa Fender Bassman, mtambo uliokuwa umeundwa kwa ajili ya gitaa la besi, wakaufuata takriban hatua kwa hatua. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtambo wa JTM45 mwaka wa 1962.

Hata hivyo, vipuri walivyotumia vilikuwa vile vilivyopatikana kwao. Transifoma zilikuwa nyingine, na baadhi ya valvu zilikuwa za aina nyingine. Badala ya spika nne za inchi 10 katika sanduku lililo wazi kwa nyuma, waliweka spika nne za inchi 12 za kampuni ya Celestion katika sanduku lililofungwa.

Matokeo yake yalikuwa sauti nzito, yenye kishindo, ambayo Fender hakuwahi kuikusudia. Mchoro ulikuwa karibu ule ule, lakini mtambo ulizungumza kwa lafudhi ya Kiingereza.

Wakati huo huo, kampuni ya Tom Jennings huko Dartford, Kent, ilikuwa ikiuza Vox AC30, uliobuniwa na Dick Denney. Mtambo huo wa wati 30 ulitumia valvu nne ndogo za aina ya EL84, na sauti yake inayong’aa ilisikika katika rekodi za The Shadows na baadaye The Beatles.

Fender, Marshall na Vox ndizo nguzo tatu ambazo karibu kila kifaa cha uigaji huanzia. Na kisa cha Marshall kinafunza jambo moja: anayetaka kuiga mtambo hawezi kutosheka na mchoro. Sharti ajue kila kipuri kinavyotenda.

KWA NINI TRANSISTA HAZIKUTOSHA

Transista zilipoenea katika miaka ya 1960 na 1970, wengi walitarajia valvu zizikwe kwenye kaburi la sahau. Transista ni ndogo, nyepesi, hazipati moto sana na hudumu miaka mingi. Redio na televisheni zilihamia huko bila kuangalia nyuma.

Wapiga gitaa wengi walikataa. Sababu ilikuwa namna mtambo unavyozidiwa.

Tuchukue uzi wa gitaa unaotetemeka mara 110 kwa sekunde. Ukipita katika mtambo usio na dosari, hutoka na mtetemo ule ule. Mtambo ukizidiwa, ncha za wimbi hukatwa, na kukatwa huko huzaa mitetemo mipya: ya mara 220, 330, 440 na kuendelea. Mitetemo hiyo ndiyo sikio huisikia kama mkwaruzo au unene wa sauti.

Transista zilizounganishwa kwa njia ya kawaida hukata wimbi ghafla, kana kwamba kwa kisu, na sauti ikawa kali. Valvu hulibana taratibu. Tena hubana upande mmoja wa wimbi tofauti na upande wa pili, kwa hiyo mchanganyiko wa mitetemo mipya huwa tofauti.

Isitoshe, uzi unapopigwa kwa nguvu, valvu za mwisho hudai umeme mwingi kwa ghafla. Mitambo mingi ya kale haikuweza kuutoa mara moja, hivyo volti zilishuka kidogo kisha zikapanda tena. Mpigaji husikia sauti ikibonyea na kufura chini ya vidole vyake. Kwa mhandisi huo ni udhaifu, lakini kwa mwanamuziki ndio uhai wa mtambo.

HATUA ZA KWANZA

Jaribio mojawapo la mapema lililofaulu halikutumia kompyuta. Mnamo 1989, kampuni ya Tech 21 ya New York ilitoa SansAmp, kisanduku cha miguuni kilichotumia saketi za kawaida kuiga sauti ya valvu na spika zake, ili gitaa liunganishwe moja kwa moja na mitambo ya studio.

Uigaji wa kidijitali wenyewe ulishika kasi katika miaka ya 1990, vichakataji vya kompyuta vilipopata nguvu ya kutosha. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa VG-8 mwaka wa 1995. Mwaka uliofuata, Line 6, kampuni ya California iliyoanzishwa na Marcus Ryle na Michel Doidic, ilizindua AxSys 212, kikuza sauti kilichobeba ndani yake nakala za kidijitali za mitambo mbalimbali.

Kifaa kilichoipeleka teknolojia hii katika vyumba vya kulala vya vijana ni POD, kilichotolewa na Line 6 mwaka wa 1998. Kilikuwa chekundu, chenye umbo la haragwe, na kilitosha kuwekwa mezani. Kwa kuzungusha kidhibiti kimoja, mwanafunzi aliyevaa hedifoni aliweza kutoka Fender hadi Marshall hadi Vox usiku wa manane bila kumwamsha mtu.

Wakosoaji hawakukosekana. Walisema sauti hiyo ilifanana na mtambo halisi kama picha inavyofanana na mtu: uso ni ule ule, lakini haupumui.

HESABU NYUMA YA SAUTI

Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Ili kuyaelewa, ni vyema kutazama kompyuta inavyofanya kazi.

Kifaa cha kidijitali hupima mkondo wa gitaa mara nyingi mno kila sekunde, aghalabu mara 48,000, na kuugeuza kuwa mfuatano wa nambari. Nambari hizo hupitishwa katika hesabu, kisha hugeuzwa tena kuwa umeme unaoendesha spika.

Tatizo la kwanza linatokana na mkwaruzo wenyewe. Kifaa kinachopima mara 48,000 kwa sekunde hakiwezi kubeba mtetemo unaozidi mara 24,000. Mkwaruzo unapozaa mtetemo wa mara 30,000, hautoweki. Hurudi chini na kujitokeza kama mtetemo wa mara 18,000, ambao hauna uhusiano wowote na noti iliyopigwa. Sauti hizo za kigeni ndizo zilizofanya vifaa vingi vya awali visikike kama vina mchanga ndani yake.

Dawa yake ni kufanya hesabu kwa kasi kubwa zaidi, kwa mfano mara nane ya kawaida, kuchuja mitetemo isiyotakikana, halafu kurudi kwenye kasi ya awali. Dawa hiyo ilihitaji vichakataji ambavyo havikuwa vya bei nafuu mwaka wa 1998.

Tatizo la pili ni muda. Hesabu huchukua nafasi yake, na mwanamuziki akipiga uzi leo hataki kusikia sauti kesho. Kwa bahati nzuri, maumbile yametuzoeza kusubiri kidogo. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo anayesimama mita tatu kutoka kwa spika husikia noti yake baada ya takriban milisekunde tisa. Kifaa kikichelewa kwa milisekunde mbili au tatu tu, wengi hawatambui.

Tatizo la tatu, ambalo ndilo lililopata suluhu rahisi zaidi, ni spika na sanduku lake. Spika isiyozidiwa hubadilisha sauti kwa namna ile ile kila wakati. Fundi huipitishia sauti maalumu ya kipimo, akarekodi jibu lake kwa maikrofoni, na jibu hilo moja hutosha kuikokotoa athari ya sanduku zima kwa kila noti itakayopigwa baadaye.

Valvu hazikubali njia hiyo ya mkato. Jibu lake hutegemea ukubwa wa sauti inayoingia, na hata yaliyotangulia sekunde chache nyuma.

NJIA TATU ZA KUIGA

Wahandisi wamefuata njia kuu tatu.

Ya kwanza ni kuiga saketi yenyewe. Kila valvu, kila transifoma na kila kipuri huandikiwa mlinganyo wake, na kompyuta hutatua milinganyo yote kwa pamoja maelfu ya mara kila sekunde. Kampuni ya Fractal Audio, iliyoasisiwa na mhandisi Cliff Chase, ilijipatia sifa kwa mtindo wa aina hii ilipotoa kifaa cha Axe-Fx mwaka wa 2006. Faida yake ni kwamba vidhibiti vyote vya mtambo hufanya kazi kama vilivyo katika mtambo halisi.

Njia ya pili ni kuutazama mtambo kama sanduku lililofungwa. Mjerumani Christoph Kemper alizindua kifaa chake mwanzoni mwa mwongo wa 2010. Kifaa hicho hutuma sauti za majaribio katika kikuza sauti halisi, husikiliza kinachotoka kupitia maikrofoni, kisha hujirekebisha hadi kifanane nacho. Mwanamuziki anaweza kuupima mtambo wake wa thamani, akauacha nyumbani na kusafiri na nakala yake.

Njia ya tatu ni akili unde. Kompyuta hupewa rekodi mbili, moja ya gitaa kabla ya kuingia katika mtambo na nyingine baada ya kutoka, na hujifunza yenyewe uhusiano uliopo. Mwaka wa 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland walichapisha kazi ya aina hiyo wakitumia Fender Bassman kama mfano, mtambo ule ule ambao Marshall aliunakili.

Kampuni ya Neural DSP, yenye makao yake jijini Helsinki, iliipeleka teknolojia hiyo sokoni kupitia kifaa cha Quad Cortex. Aidha, ipo programu ya Neural Amp Modeler, iliyoanzishwa na Steven Atkinson, ambayo hutolewa bila malipo na msimbo wake uko wazi kwa umma. Rekodi ya dakika chache hutosha kuifunza.

Kila njia ina gharama yake. Nakala ya njia ya pili na ya tatu kwa kawaida hushika mtambo katika hali moja tu, jinsi vidhibiti vyake vilivyokuwa vimewekwa siku hiyo. Ukitaka hali nyingine, sharti upime upya au kifaa kikisie.

KILICHOBAKI NYUMA

Mbona basi wapo wanaong’ang’ania valvu? Baadhi ya sababu ni za hisia, lakini nyingine ni za kifizikia.

Mtambo halisi unaponguruma jukwaani, hewa inayosukumwa na spika huzigonga nyuzi za gitaa na kuziendeleza zitetemeke. Noti hudumu, hugeuka na wakati mwingine hulia yenyewe. Anayepigia katika hedifoni hana hewa hiyo, hata nakala yake iwe sahihi kiasi gani.

Hata hivyo, mizani inazidi kuelemea upande wa dijitali. Mnamo 2019, kampuni ya Fender yenyewe ilianza kuuza matoleo ya kidijitali ya mitambo yake ya Deluxe Reverb na Twin Reverb, bila valvu hata moja za kukuza sauti. Twin Reverb ya valvu ina uzani wa takriban kilo 29, ilhali ndugu yake wa kidijitali ana karibu kilo 15.

Upatikanaji wa valvu nao ni kitendawili. Viwanda vinavyozitengeneza kwa ajili ya gitaa ni vichache mno, vingi vikiwa nchini Urusi, Slovakia na Uchina. Mwaka wa 2022, vita vya Ukrainia na vikwazo vya biashara vilivyofuata vilipotatiza bidhaa kutoka Urusi, bei zilipanda na wanamuziki wakaanza kuweka akiba.

Ndipo uzito wa uigaji unapoonekana. Mtambo wa mwaka wa 1962 huchakaa: spika hulegea, vipuri hukauka na kubadilishwa. Kipimo kilichochukuliwa leo huenda kikawa ushahidi pekee utakaobaki wa jinsi ulivyolia.

MITAMBO AMBAYO HAIJAPIMWA

Kwa mwanamuziki wa Kenya, suala hili halihusu anasa. Kikuza sauti cha Marekani kilichoundwa kutumia volti 120 huungua kikichomekwa moja kwa moja katika umeme wetu wa volti 240. Valvu hazipatikani katika kila duka la vyombo vya umeme, na ndani ya mitambo hiyo mna volti zinazopita 400 zinazoweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Si kazi ya kujaribiwa na asiye fundi.

Programu ya bure, kompyuta na kifaa kidogo cha kuunganishia gitaa huondoa vikwazo hivyo vyote.

Lakini lipo jambo la kutafakari. Orodha ya mitambo iliyoigwa ilipangwa na watengenezaji waliowalenga wapiga roki, bluzi na metali. Mpenzi wa benga iliyovumishwa na D.O. Misiani, au wa rumba ya Kongo, anajua kwamba magitaa yale hutafuta sauti safi, nyororo na inayometa, ambapo kila noti husikika peke yake. Sauti hiyo pia ina mitambo iliyoizaa, ikiwemo ile ya bei ya chini isiyoimbwa na yeyote.

Mtambo wa aina hiyo ukifa kabla ya kupimwa, hakuna kompyuta itakayoufufua. Zamani uamuzi wa mtambo upi unastahili kuhifadhiwa ulikuwa mikononi mwa kampuni chache za ng’ambo. Sasa mwenye studio aliye na kikuza sauti kikuukuu kilichosahaulika pembeni anaweza kukipima mwenyewe kwa muda mfupi, kabla hakijanyamaza.

Anayetaka kuanza na azingatie mambo matatu. Kwanza, achague mtambo mmoja na kuuelewa, badala ya kuruka kutoka nakala moja hadi nyingine. Pili, asipuuze sehemu ya spika, kwa kuwa nakala bora ya kikuza sauti ikiunganishwa na nakala mbovu ya spika hutoa sauti mbovu. Tatu, aipime kwa mkono wake: apige uzi kwa upole, kisha kwa nguvu, na asikilize kama mtambo unamjibu tofauti.